Page Kumi na Mbili ya Jikoni

Beni, tarehe 8 mwezi wa kumi 2023

Gracieuse mutoto wangu,

Huku jua limeamka mbele yetu sisi wote, na huko Butembo najua bado munavaa pulover mbili mbili mpaka saa ine. Mama yako iko namna gani na ile tension yake ya damu? Muambie dada yake anauliza kama anakunywa dawa, ao anaipanga tu mu kabati juu ya bageni baione. Miye niko. Goti ya kuume inasumbua nikipanda ngazi ya kanisa, mais nikisha kukaa na ba-alto, naimba, nasahau. Kakao ya nyuma ya nyumba imeiva. Jéthro, jirani yangu fundi mbao, alinisaidia kutandika bâche ya kuianika, na sasa kiwanja yote inanuka kakao.

Issaka dereva alinifikishia kifurushi yako siku ya tano. Wasingya, aksanti. Bitabu bibili nimebisoma na nimebisahihisha, sababu mwalimu wa français anaweza kutoka ku masomo miaka sita, Bic nyekundu inabakia mu vidole.

Ile ya nyumba yenye mapepo nakipa 9 ku 20. Pepo anazima taa, anafungua robinet ya maji, anaandika ku kioo. Kwetu Beni taa inazimika yenyewe na robinet haitoe kitu. Huyu pepo angepata kazi gani huku? Bandishi ba siku hizi banafikiri kuogopesha mutu ni kumupigia kelele nyuma ya shingo. Page moja tu njo ilinishika: ile mama anapanga sahani ku meza, anahesabu, anapata moja zaidi, na hakuna mutu anasema kitu. Pale niliweka kitabu chini, nikatoka inje kuangalia batu banapita.

Ile ya polisi, 14. Inspecteur yao ni mwanamuke munene, anatembea polepole, hapendi kukimbia, nilimupenda. Mais toka page 212 tunaruka mpaka 229! Ni sawa vile kumualika mutu ku chakula na kumuondolea sahani akisha kunawa mikono. Ningempa 16 kama angenionyesha namna binti alipatikana.

Chumba yako iko. Nilibadilisha rideau ya dirisha. Sisemi kitu, naandika tu habari ya nyumba.

Tantine wako,
Hulda

---

Butembo, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2023

Tantine wangu mupenzi,

Barua yako ilinikuta ku dépôt, niko juu ya échelle, mikono imejaa bacahier. Nilishuka, nikaketi ku carton, nikaisoma mpaka patron Ananie akaniuliza kama ni barua ya mahari. Nikamuambia hapana, ni ya professeur. Mama iko muzuri, dawa anakunywa, juu miye njo naishika. Brouillard, ule ukungu wa hapa, asubuhi ni mingi, bataximan ba pikipiki banawasha taa mpaka saa tatu.

Tantine, unamuonea mwandishi wa mapepo. Miye ningempa 12. Ni kweli ile robinet ni bure. Mais umeona namna batoto ba ile nyumba banaanza kuongea polepole, kila siku polepole zaidi, na bazazi banafurahi banasema “batoto betu bamekuwa na adabu”? Pale nilisikia baridi. Miye napenda woga inaingia sawa mugeni mwenye heshima, anakaa, anakunywa chai, na kisha tu njo unaona kama hana kivuli. Mais bitabu mupya byote mu carton ya safari hii biko na haraka. Kila page tano, maiti. Banaogopa tutalala usingizi. Na ile maiti banaifungua mbele yetu sawa vile banafungua radio mubovu! Hapana, ile siyo kuogopesha, ni kukosa adabu.

Juu ya page zenye zinakosa, pardon. Ni bitabu ya occasion, bengine bamesha kubisoma, gundi imezeeka, makaratasi inaanguka mu njia.

Kuja Beni, nilitaka kabisa. Mais kuna inventaire, kuhesabu bintu byote bya dépôt, kisha élections, na mvua imeharibu barabara. Tutaona mwaka mupya.

Nakutumia bibili bingine. Ile ya ganda nyekundu muuaji mwenyewe njo anahadisia. Unipe points.

Mutoto wako,
Gracieuse

---

Beni, tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2023

Gracieuse,

Amani ku nyumba yenu. Huku kuna makelele ya bacandidat na mégaphone zao toka asubuhi; mwenye alipita jana anaahidi barabara, mwenye alipita leo anaahidi ile ile barabara. Goti imepunguza. Tarehe 11 ilifika, ikapita. Imekuwa miaka mibili bila tonton yako. Kanisa baliomba.

Ganda nyekundu: 6 ku 20, na ile 6 ni juu ya français yake nzuri. Nilikasirika mpaka nikaongea peke yangu. Muuaji anapewa page mia mbili ya kutuelezea utoto wake, baba yake, ndoto zake. Binti mwenye alikufa anapewa page moja na nusu! Hatujui alikuwa anapenda kuvaa nini, hatujui nani alikuwa anamungojea. Anakufa juu muuaji apate kitu ya kuhadisia. Bandishi ba sasa banasema banataka “kuingia mu kichwa ya muuaji”. Miye nauliza: kichwa ya marehemu nani ataingia?

Ya pili, ile ya kijiji ya mulimani na fundi wa kupasua mbao mwenye anapotea, hiyo ni kitabu! 17. Inspecteur wake ni muzee mwenye kikohozi, anauliza maswali sawa mutu anachambua muchele. Hakuna kelele. Mais tena! Page 88, kisha 101. Na safari hii niliweka miwani, nikaangalia pale karibu na mushono. Gracieuse, gundi ikichoka karatasi inatoka nzima. Hii imekatwa na wembe, tena na règle ya kupigia mustari, sawa sawa kabisa. Mu Butembo muko na panya yenye imesoma géométrie?

Lakini si shida. Sifa, binti ya Issaka, yule anasoma université hapa, aliona kitabu ku meza yangu na akasema iko nayo, mwalimu wake aliwapa. Ataniletea kisha Noëli.

Kula muzuri.
Hulda

---

Butembo, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023

Tantine,

Tuko bazima. Naandika mbio, Issaka anangoja na moteur inawaka.

Ile kitabu ya Sifa, hapana soma. Nakuomba. Zile page hazina maana, hazibadilishe kitu mu histoire, unaweza kupita. Nitakutafutia bingine bizuri zaidi. Mama anakusalimia.

G.

---

Butembo, tarehe 18 mwezi wa pili 2024

Tantine wangu,

Ni wiki nane. Issaka amerudi mara kumi ao zaidi na mikono mitupu, na kila mara namuuliza, anasema “Mama Hulda iko, alinipa chai.” Ku téléphone unaniambia “tuko muzuri, salimia mama yako,” na unakata. Nimeelewa ulisoma.

Ni miye nilikata. Si hiyo moja tu. Toka uanze kuniomba bitabu, kila kitabu ya polisi nakisoma kwanza miye, na wembe pembeni. Pale banamukuta mutu mu shamba, nakata. Pale banaenda kuambia familia, nakata. Pale kuna mjane, nakata. Ile ya inspecteur munene, binti alipatikana chini ya migomba. Nilikata page kumi na sita. Nilisema tantine ameona ya kutosha, asikutane nayo tena ku kitabu yenye miye mwenyewe nimemutumia. Makaratasi yote iko mu bahasha, sikutupa hata moja.

Na kuna ingine. Wakati tonton Abdias, bwana yako, alikufa, nilikuambia barabara imefungwa njo maana sikuja ku maziko. Barabara ilifungwa siku moja. Siku ya pili magari ilipita. Mama alienda, bajirani balienda. Miye nilitoa sac, nikaipanga, nikafika mpaka parking, nikaona gari inajaa batu, nikarudi nyumbani. Sijui kukuelezea. Kila mara nilipofika kwenu, ni tonton njo alikuwa anakuja kufungua barrière ya kiwanja, anasema “Butembo imetuletea baridi!” Niliogopa barrière ifunguliwe na mutu mwingine. Miaka mibili naogopa ile barrière, na nakutumia bitabu mu nafasi yangu.

Inventaire ilikuwa siku tatu tu. Mvua haikuharibu kitu.

Kama umekasirika, unikasirikie ku karatasi. Kimya yako ni nzito kupita kila roman ya woga nimesoma.

Gracieuse

---

Beni, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Gracieuse mutoto wangu,

Salamu kwako na kwa mama yako. Nilikawia. Niliandika barua tatu, nikapasua tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kasirani, ya pili ilikuwa inasema si kitu, na ile ilikuwa uongo. Ya tatu niliimwangia machozi, wino ikakimbia. Hii ni ya ine, wacha ifike.

Ndiyo, nilikasirika. Nimefundisha batoto miaka makumi tatu, na leo mutoto ananichagulia mistari ya kusoma sawa vile banakatia mutoto nyama. Basi, hiyo nimesema, imeisha.

Sasa sikia nini ilikuwa mu zile page kumi na mbili, juu naona wewe uliona neno “mjane” na ukashika wembe. Muzee inspecteur anafika kwa bibi ya yule fundi. Anakaa jikoni. Bibi anachambua maharagi na hamuangalie. Muzee hasemi pole. Anauliza: “Alivaa viatu gani?” Bibi anajibu. “Alikuwa anaweka sukari mu kahawa?” Bibi anajibu. Page kumi na mbili ni maswali ya hivi tu, na muzee anaandika kila kitu, na akikosea bibi anamusahihisha. Hakuna tone moja ya damu. Mwisho bibi anamuonyesha mukanda wa bwana yake na matundu yake, pale alinenepa, pale alikonda. Gracieuse, nilisoma hiyo mara tano. Ukikata ile, unakata moyo ya kitabu.

Unafikiri nasoma mambo ya kuua juu napenda kifo? Bamama ba kanisa nabo banashangaa, banasema mutu mwenye ameona mambo sawa yangu asome zaburi. Zaburi nasoma. Mais nasoma bitabu hivi juu ndani yake mutu mumoja akikufa, mutu mwingine anasimama, anavaa koti, anatoka kwenda kuuliza. Anauliza hata akichoka, hata mvua ikinyesha. Nani alikuja kuniuliza miye?

Tonton yako hakurudi kutoka shamba, na kesho yake asubuhi radio ilisema: batu saba bameuawa ku mashamba, mbele ya Mutwanga. Nilikuwa nimesimama mu chumba, nikangoja baseme majina. Bakapita ku habari ya mupira. Kisha nilienda ku bureau moja ya serikali, kijana akaandika mu cahier, akaomba photocopie ya carte ya tonton yako. Akaniambia “aksanti mama, mwingine.” Bachungaji baliniombea, bajirani balinipikia, nabashukuru. Mais hakuna hata mumoja aliniuliza tonton yako alikuwa mutu wa namna gani ile asubuhi akienda. Banaogopa nitalia. Na wewe pia uliogopa, na ukaenda kununua wembe.

Juu ya maziko, sikulaumu. Nilijua barabara ilikuwa wazi. Mama yako alifika nayo. Sikukuuliza, juu miye pia niliona barrière bila yeye.

Wewe umesoma hivi bitabu mingi kupita miye. Unajua namna banauliza.

Tantine,
Hulda

---

Butembo, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Tantine,

Mama iko muzuri, brouillard iko, Ananie anakasirika juu ya bacahier zenye zililowana. Hizo njo habari.

Nilijaribu kukuandikia maswali. Nilijaza page mbili, nikaona ni haya. Inspecteur hatume maswali na Issaka. Nakuja siku ya posho, tarehe 23. Nafasi ya mbele nimeishika, Issaka alicheka, akasema safari hii atakuja kunitoa ku nyumba yeye mwenyewe ili nisirudie ku parking.

Naogopa bado. Nikifika mbele ya barrière, nitasimama kidogo. Hapana kuja kunifungulia mbio. Uniache nifungue miye.

Gracieuse

---

Beni, tarehe 2 mwezi wa ine 2024

Gracieuse wangu,

Umeacha nyumba na sauti mingi. Nafurahi mulifika Butembo mbele ya mvua. Kiazi yenye mama yako alituma bado nakula, na Pasaka tuliimba muzuri, hata kama tenor iliingia mbio.

Nataka nikuandikie ile siku, hata kama tulikuwa wote, juu wewe ulikuwa unaangalia cahier na miye nilikuwa nakuangalia.

Ulisimama mbele ya barrière muda murefu. Niliona ku dirisha, Jéthro naye aliona, akaacha kupiga misumari. Kisha ukafungua. Ukaingia, ukanishika na koti yako ya Butembo, yenye baridi bado ndani. Ukakaa jikoni. Nikakupa mboga ya lenga-lenga uchambue pamoja na miye, juu mikono ikiwa na kazi mudomo haiogope. Kisha ukafungua cahier, ukauliza.

“Tantine, alivaa nini?”

Nikakuambia: chemise ya bleu, kifungo cha tatu nyeusi, juu sikupata ya rangi yake. Ukauliza buti. Nikakuambia ya kushoto ilikuwa inaingiza maji, na alikataa kununua ingine, alisema mguu wa kushoto umezoea. Ukauliza alikuwa anaimba sauti gani, na wewe unajua, mais uliuliza. Nikasema bass, na kila siku ya yenga ku kanisa alikuwa anaanza mbele ya chef wa chorale, na chef alikuwa anamuangalia vibaya, naye anafikiri banamusifu. Pale ulicheka. Na miye nikacheka mpaka goti ikauma. Miaka mibili na miezi, sikucheka juu ya Abdias mbele ya mutu. Nilikuwa nafikiri kicheko yake ilizikwa naye kule.

Ulijaza page makumi mbili na tatu. Nilikusahihisha français mara ine tu.

Na sikia hii. Jana Mama Kasika alikuja, yule bwana yake alikuwa pia mu ile hesabu ya saba. Alikaa, akakunywa chai, akaongea juu ya bei ya sabuni, akasimama kwenda. Ku mulango akageuka. “Huyu binti ya Butembo mwenye anauliza,” akasema, “anarudi lini? Miye pia niko na ya kusema. Na Mama Ésaïe mwenzetu naye alisikia.” Nikamuambia nitaandika. Basi, nimeandika. Ulete cahier ingine, na upange siku zaidi ya mbili.

Sasa ile ingine.

Swali moja niliruka. Uliona, na ukageuza page kwa heshima, hukurudia. Uliniuliza neno gani ya mwisho nilimuambia. Nikasema maharagi inaungua, nikaamka. Hakukuwa maharagi ku moto, unajua.

Ile wiki nilikuwa nasoma roman moja ya polisi. Tonton yako hakuwa anasoma, macho yake ilikuwa inamuchokesha, mais asubuhi akinoa panga nilikuwa namuhadisia kipande, na kule shamba alikuwa anabahadisia bengine, na anabadilisha majina inakuwa ya Kinande. Ile asubuhi nilikuwa nimesha kumaliza kitabu. Alikuwa tayari inje, sac ku bega. Akarudia mpaka ku mulango.

“Mwalimu, sasa huyu muuaji ni nani?”

Nikamuambia: “Nenda kwanza. Utajua ukirudi.”

Akasema: “Wewe uko mubaya, eh.” Akacheka, akaenda. Nilimusikia anafunga barrière.

Ni pharmacien, Gracieuse. Ni pharmacien, muuza dawa, njo aliua, juu ya wivu tu. Ni neno moja. Ningelimuambia.

Uandike na hiyo.

Tantine wako mwenye anakupenda,
Hulda